Nakala Iliyokaa kwa Shangazi

Picha moja ilizidi. Ndivyo balaa lilivyoingia nyumba ile, kwa jambo dogo ambalo mtu mwingine angelipuuza akaenda zake kunywa chai.

Mpiga picha alikuwa ametoka kuwapiga maharusi kwenye gofu la nje ya mji, maana siku hizi mtu anajiona hajaoa mpaka apigwe picha mbele ya ukuta uliobomoka. Magofu yana wenyewe, kila mtu anajua, lakini nani atambishia bibi harusi? Alipochomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta, akakuta katikati ya maua na tabasamu picha ambayo hakuipiga. Ngazi za lile gofu, tupu, hazina mtu. Na zilikuwa zimepigwa kutoka ndani, mahali ambapo yeye hakukanyaga, kwa sababu mlango wake ulizibwa kwa mawe. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Akainama akanusa nyaya, moja baada ya nyingine, akaona zote ni nzima, akaendelea na kazi yake.

Wewe ungeifuta. Yeye hafuti. Mtaani walimwita Akiba, na jina hilo hakupewa bure. Zamani diski moja ilimfia mkononi na harusi nzima ikiwa ndani yake, bibi harusi akamlilia kuliko alivyowalilia wazazi wake siku ya kuagwa, na tangu hapo Akiba akaapa kwamba picha haitampotea tena. Kila kazi aliiweka mara tatu. Diski ya kwanza ilikaa mezani. Ya pili aliitia kwenye kopo la biskuti, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ili unyevu usiiguse. Ya tatu ilikaa mbali, ng'ambo ya mji, kwa dada yake mkubwa, kabatini chini ya mashuka, kwa kuwa moto au mwizi akiingia nyumba hii hatakuwa ameingia na ile. Kadi haikusafishwa mpaka zote tatu ziwe zimepokea. "Akiba haiozi," alipenda kusema, mpaka mkewe akawa anamalizia maneno kabla yeye hajafungua mdomo.

Basi ile ngazi tupu nayo ikanakiliwa mara tatu, ikalala ndani ya diski pamoja na harusi za watu na picha zote za binti yake tangu siku ya kuzaliwa.

Binti mwenyewe alikuwa mmoja tu, aliyepatikana baada ya miaka ya kuhangaika na machozi. Walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo. Mama yake alikuwa amekwenda kumuuguza mzazi wake, na siku ya kuondoka alimshika mumewe mkono pale getini.

"Baba Kidoti, mtoto ninakuachia. Mwangalie kwa macho, usimwangalie kwa kamera."

"Mama Kidoti, nenda salama. Mtoto mmoja ndiye atakayenishinda?"

Akasema hivyo huku amenyanyua kamera. Akampiga Kidoti picha pale pale, gauni la njano, anacheka meno yote nje, na jioni ile ile picha ikaenda mara tatu, moja ikiwa kwa dada.

Siku chache baadaye, mchana kweupe, simu ikalia. Akiba alikuwa amezama kwenye ngozi ya uso wa mteja, anamtoa chunusi. Dada mkubwa hakusalimia.

"Wewe una akili kweli? Unamtupaje mtoto nyumbani kwangu bila hata hodi?"

"Mtoto gani, Dada?"

"Wangapi unao? Nimetoka kuanika nguo, narudi chumbani namkuta amekaa kitandani, kabati liko wazi, mashuka yako chini. Tena amependeza, gauni la njano."

Akiba akageuka. Kidoti alikuwa nyuma yake sakafuni, gauni la kushindia, amempa mgongo, anakula na kuimba mdomo umejaa.

"Dada," akanong'ona, "anafanya nini hapo?"

"Ananitazama." Sauti ya dada ikashuka, ikawa ndogo kuliko alivyowahi kuisikia. "Mdogo wangu, mbona hapepesi macho?"

Dada hakuwa mwoga, lakini hakuwa mjinga pia. Alimshika yule mtoto mkono, mkono baridi kama wa mtu aliyetoka kufua, akapitia kwa mganga mmoja jirani yake, bibi mfupi mwenye ulimi mkali, wakaja wote watatu. Na diski akaibeba kwenye mfuko, kwa kuwa ilikuwa ya moto, akaona si kitu cha kuacha ndani.

Mlango ulipofunguliwa, wale watoto wakaonana. Kidoti wa nyumbani akapiga yowe akakimbilia chumbani. Yule mwingine akamfuata, hakukimbia, alitembea tu, lakini alifika naye sawia. Mlango ukajifunga pa! Wakubwa walisukuma, wakagonga, wakaita mpaka sauti zikawakauka, na ndani hakukusikika hata pumzi. Kisha mlango ukafunguka taratibu, bila mkono. Kitandani walikuwa wamekaa watoto wawili bega kwa bega, wote gauni la njano, wote wameficha nyuso viganjani, wanalia.

"Baba," wakasema pamoja.

Dada akakaa chini papo hapo.

Mganga hakuingia. Alisimama kizingitini, akanusa, akatema mate pembeni. "Hili ni la gofu," akasema. "Halina sura, linaazima. Limekaa na mawe miaka mingi, wewe ukalileta kwenye nyumba yenye sura nyingi kuliko soko. Si umelikaribisha mwenyewe? Umeliweka wapi?"

"Kwenye diski, Bibi."

"Zichome. Zote, sasa hivi. Likikosa pa kuazima sura litaondoka kwa miguu yake, na mwanao atabaki. Na nisikilizeni vizuri. Asiitwe hata mmoja kwa jina. Ulimi wa mzazi ndio muhuri. Ukisema huyu ni wangu, huyo ndiye wako mpaka kiama, na mwenzake hayupo tena."

"Hayupo vipi?"

"Kwani mimi nimesema kwa lugha gani? Ziko ngapi hizo diski?"

Na hapo, jamani, hapo ndipo mtu alipojichimbia kaburi. Akiba aliona mbele yake kila kitu: Kidoti amefungwa kwenye blanketi la hospitali, Kidoti anatambaa, Kidoti amelala kifuani kwa mama yake, meno mawili ya kwanza. Vyote hivyo viingie motoni? Mtu aliyeapa kutopoteza hata picha ya mjomba wa bwana harusi anayepiga miayo?

"Mbili," akasema.

Zikachomwa uani kwenye jiko la mkaa, ya mezani na ya dada. Plastiki ikachuruzika, moshi mweusi ukapanda, na ndani ya moshi ile harufu ya nywele ikawakaba wote makoo. Chumbani mtoto mmoja alikohoa. Hawakujua yupi. Mganga akachungulia, akawakuta wawili vile vile, akamgeukia Akiba.

"Zimeisha?"

"Zimeisha, Bibi."

"Ajabu. Basi kuna mtu mmoja tu amebaki wa kumaliza jambo hili. Mama yake amepigiwa simu?"

"Yuko njiani, anakaribia stendi," dada akajibu.

"Tutamfuata sisi, tumweleze kabla hajaingia. Mama hahitaji kukagua, akiwaona atajua. Wewe, Baba mtu, kaa nao. Wakilia, waache walie. Wakikuita, kuwa kiziwi. Mdomo wako uwe umeshonwa. Unanielewa?"

Akaitikia kwa kichwa. Wakatoka.

Jua lilikuwa linazama na umeme ulikuwa umekatika. Akiba akawaleta watoto ofisini kwake, chumba cha mbele chenye pazia la kijivu la kupigia picha, akawakalisha kwenye benchi wanalokalia wateja, naye akakaa kwenye kiti chake, ameuma meno. Mwanzoni walilia tu. Kisha mmoja akaanza kutetemeka, akafunika mdomo kwa kiganja, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, huyu ananibana, ananiingia, naona baridi," na mwenzake naye akafunika wake, akasema maneno yale yale, lakini nusu pumzi nyuma, kisha pamoja, kisha yule wa pili akawa ndiye anayetangulia, na Akiba akapoteza nani alianza, na harufu ikarudi, na yule anayetetemeka kucha zikawa zinageuka rangi, na nje hakukusikika gari wala hatua za mtu, na mke hafiki, na dada hafiki, na akawaza kwamba kama akiendelea kukaa pale na mdomo wake ulioshonwa basi mtoto wake atakufa mbele ya macho yake kwa kuwa yeye alitii kibibi ambacho hakijawahi kushika kamera, yeye ambaye jicho lake linatambua tofauti ya nyuso mbili za mapacha gizani, yeye ambaye ana ushahidi, anao, uko pale pale kwenye kopo la biskuti.

Akalifungua. Diski ilikuwa ya moto. Kompyuta bado ilikuwa na chaji kidogo, akachomeka, akatafuta, akaipata: Kidoti getini, siku ile mama yake anaondoka. Akaikuza mpaka uso ukajaa kioo chote.

"Toeni mikono usoni," akasema. "Nitazameni."

Wa kulia akatoa mkono akacheka. Kidoti mahali pake, meno yote, nyusi ile ile, hata unywele uliochomoka nyuma ya sikio pale getini ulikuwa umechomoka hivyo hivyo. Akiba alipeleka macho kiooni na kwenye benchi, kiooni na kwenye benchi. Hakuna kilichokosekana.

Wa kushoto alikataa kutoa mkono. Akamvuta kwa nguvu. Mdomoni, katikati ya meno ya juu, kulikuwa na pengo, na fizi ilikuwa na damu.

"Jino liko wapi?"

"Limetoka jana."

"Mwongo!" wa kulia akadakia. "Mimi meno yangu ninayo yote, Baba, hesabu."

"Lilitoka, Baba. Nilikuja kukuonyesha. Ulikuwa na kazi, ukasema subiri nimalize."

Akiba akatafuta kichwani. Subiri nimalize. Alikuwa ameisema jana, na juzi, na kila siku ya uhai wa mtoto huyu, kwa hiyo haikumsaidia kitu. Alijaribu kuukumbuka uso wa binti yake wa jana na hakuupata, alipata sauti tu nyuma ya mgongo wake. Siku zote hizo hakuwa amemtazama hata mara moja. Lakini picha ilikuwepo, kali, haina ukungu, na picha haikuwa na pengo.

"Majini ni waongo," akajiambia. Akamnyooshea mikono wa kulia. "Kidoti, mwanangu, njoo kwa baba."

Wa kushoto hakupiga kelele. Alimtazama baba yake jinsi mtoto anavyomtazama mtu mzima aliyemkosea kwa mara ya kwanza, ameshangaa zaidi ya kuogopa. "Baba, lakini ni mimi," akasema, na miguu yake ilikuwa haionekani tena, na magoti, na gauni, na mdomo ukaendelea kusema neno bila sauti kutoka, neno fupi, hilo hilo, mpaka na mdomo ukakosekana. Benchi likabaki tupu upande ule. Harufu ikaisha kabisa, chumba kikawa kisafi, kana kwamba kumepigwa deki.

Mtoto aliyebaki alimkumbatia shingoni. Hakuwa baridi tena.

Mama Kidoti akaingia mbio, kanga imemwanguka begani, dada na mganga nyuma yake wanahema. Mtoto akaruka chini akamkimbilia, "Mama! Mama!" Mama akakunjua mikono. Kisha akaikunja. Akarudi nyuma hatua moja mpaka mgongo ukagonga mlango.

"Huyu ni nani?"

"Ni Kidoti," Akiba akasema. "Tumeshinda, mke wangu. Nimemkagua mwenyewe, mtazame, kila kitu—"

"Jana usiku alinipigia kwa simu ya jirani." Mama Kidoti alisema polepole, kwa upole wa kutisha. "Alikuwa anasema kwa kithembe, ananichekesha. Jino limemtoka. Akasema, Mama, usimwambie Baba, nataka alione mwenyewe akimaliza kazi. Baba Kidoti. Mwanangu yuko wapi?"

Mganga aliiona diski inawaka taa yake ndogo mezani. Alijifunga kanga vizuri, akatoka, na dada hakuweza kumzuia.

"Nitamrudisha," Akiba akawa anasema, ameshika meza. "Nitamrudisha, sikia, ninazo zake zote, tangu siku ya kwanza, hakuna hata moja niliyopoteza, ninazo zote..."

Mama Kidoti akatoa sauti ambayo si ya kilio, akateleza mlangoni mpaka chini. Mtoto alisimama kati yao, anawatazama kwa zamu, bila kupepesa. Kisha akaenda mezani, akaweka kiganja chake kidogo juu ya diski, kama mtu anayejaribu kama chai imepoa.

"Baba," akauliza, "na za Mama unazo?"