Miti Ishirini ya Juu

Mukamugema alijaza mtungi wake ziwani, akauweka kichwani juu ya ngata, akaanza kupanda. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1956, na tangu mvua ilipokatika hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila asubuhi pale Keshero. Mtungi mmoja, mti mmoja. Anamwaga maji polepole shinani, anashuka ziwani, anajaza tena. Siku hiyo ya Jumamosi alikuwa amefika mti wake wa kumi na tatu, jua limeshaanza kuchoma, aliposikia jina lake.

"Wee Mukamugema! Kuja hapa! Kuja uone kazi ya mikono yako!"

Alikuwa mama mkwe wake, Nyiramahirwe. Alisimama juu kabisa ya shamba, ameshika miche mitatu ya avoka, yaani mparachichi. Yote ilikuwa imekauka. Aliitupa miguuni pa Mukamugema kama mtu anayetupa panya aliyekufa.

"Tatu! Yote kwenye sehemu yako. Kwa Mukashyaka haijakufa hata moja."

"Mama, huku juu ni mbali..."

"Mbali! Mwenzako hana miguu? Ishirini yake, ishirini yako. Hata mbuzi anajua kwamba ishirini na ishirini ni sawasawa. Yeye anamaliza mapema, anatwanga majani ya sombe akiimba. Wewe jua linakukuta njiani. Unalala wapi, sema?"

Miti hiyo ilikuwa arobaini. Baba mkwe, Muzee Hategekimana, aliipanda mpakani mwa shamba lake, mstari mmoja, kutoka ziwani mpaka barabarani. Kati ya mti na mti aliacha hatua kumi. Mti wa kwanza ulikuwa hatua kumi kutoka majini. Mti wa arobaini ulikuwa hatua mia nne. Kiangazi kilipoanza, Nyiramahirwe aliwagawia kazi wake wa watoto wake wawili. Mukashyaka, mke wa Damascène, alipewa miti ishirini ya chini kwa kuwa ndiye mkubwa. Mukamugema, mke wa Viateur, alipewa miti ishirini ya juu. Hakuna aliyeuliza neno. Ishirini ni ishirini.

"Sikiliza vizuri," Nyiramahirwe alisema. "Ukikauka muti wa nne, utarudi kwenu Masisi upumzike. Na mutoto atabaki hapa."

Mtoto huyo alikuwa Léopold, mwanawe. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu.

Mukamugema alimtazama mumewe. Viateur alikuwa seremala. Alikaa mbele ya mlango akinoa msumeno wake kwa tupa, na maneno yote aliyasikia. Hakuinua kichwa. Tupa iliendelea kulia, kri, kri, kri.

Hasira ilimpanda Mukamugema mpaka kooni, ikakwama hapo. Aliokota mtungi, akashuka.

Ziwani alimkuta Annonciata akifua nguo. Annonciata alikuwa jirani, mwalimu katika shule ya wasichana. Shule zilikuwa zimefungwa, naye alikuwa amerudi nyumbani kwao. Mukamugema hakumsalimu. Aliuinua mtungi juu kama anayetaka kuupiga kwenye mawe.

"Ukiuvunja utakuwa umewapa kosa lingine la kukuandikia," Annonciata alisema.

"Wananiita muvivu, Mwalimu! Mimi! Miguu yangu inavimba, shingo inaniuma, halafu eti ninalala!" Alilia, lakini yalikuwa machozi ya hasira. "Na mimi mwenyewe sina jibu. Miti ni ishirini kweli. Kwa nini yeye anamaliza na mimi simalizi? Siku nyingine ninajiuliza kama kweli nimekuwa muvivu."

"Nani alikuambia kazi zenu ni sawa?"

"Mama. Anasema hata mbuzi anajua."

"Basi mbuzi amekosa. Mumehesabu miti. Hamujahesabu hatua."

Annonciata alikausha mkono, akapiga magoti, akaandika kwa kidole kwenye mchanga mweusi wa ufukwe.

"Tuanze na Mukashyaka. Mti wake wa kwanza uko hatua kumi. Wa pili ishirini. Wa tatu thelathini. Kila mti unaongeza hatua kumi zilezile, mpaka wa ishirini, ambao ni hatua mia mbili. Sasa tunataka jumla. Tukijumlisha moja moja tutachoka na tutakosea. Chukua ya kwanza na ya mwisho. Kumi na mia mbili?"

"Mia mbili na kumi."

"Ya pili, na ile inayotangulia ya mwisho. Ishirini na mia moja tisini?"

Mukamugema alihesabu kwa vidole. "Mia mbili na kumi. Ni ileile!"

"Itakuwa ileile mpaka katikati. Upande huu unaongeza kumi, upande ule unapunguza kumi. Miti ishirini ni jozi ngapi?"

"Jozi kumi."

"Basi mia mbili na kumi, mara kumi. Ni hatua elfu mbili na mia moja. Hiyo ni kwenda. Kwenda na kurudi ni elfu nne na mia mbili. Hiyo ndiyo asubuhi ya Mukashyaka. Sasa fanya yako mwenyewe."

Mukamugema alifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Mti wake wa kwanza ulikuwa hatua mia mbili na kumi. Wa mwisho, mia nne.

"Mia sita na kumi," alisema polepole. "Jozi kumi. Elfu sita na mia moja. Kwenda na kurudi..." Kisha alisimama. "Elfu kumi na mbili na mia mbili!"

"Ndiyo."

"Yeye elfu nne, mimi elfu kumi na mbili! Karibu mara tatu! Na mutungi kichwani!"

Annonciata alidhani hesabu ingemtuliza. Haikumtuliza. Mwanzoni alikasirika bila kujua sababu. Sasa alikasirika kwa namba.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, alipita mbele ya wanawake waliosimama nje ya kanisa. Mmoja, ambaye Mukamugema hakumjua hata jina, alimuuliza mwenzake bila kushusha sauti, "Ni huyu anayelala chini ya avoka?" Wote wakacheka.

Nyumbani, Mukamugema hakungoja kuitwa. Alisimama katikati ya ua, mbele ya Muzee Hategekimana na wote. Annonciata, aliyemsindikiza kutoka misani, alisimama karibu na uzio wa miti ya miyenzi, ameinamisha macho.

"Muzee, naomba kusema. Mumenigawia kazi mara tatu ya mwenzangu." Akatoa hesabu yote, jozi kwa jozi. Hakukosea hata namba moja.

Damascène, shemeji yake, alicheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mabega mapana.

"Shemeji, sasa umeleta mahesabu ya shule ili upate kulala? Miti ishirini! Leo hawajamwagilia bado. Nipe huo mutungi, nitamaliza mbele ya bugali kupoa."

"Na viatu vyako vya misa?" mkewe Mukashyaka aliuliza.

"Na viatu vyangu vya misa!"

Muzee alikuna kidevu. "Ng'ombe wanakunywa hata Siku ya Mungu. Miti pia. Haya, nendeni. Mukashyaka chini kama kawaida, Damascène juu."

Annonciata aliinua macho mara moja tu. "Mukashyaka akimaliza miti ishirini," alisema kwa sauti ndogo, "Damascène hatakuwa amemaliza hata kumi."

"Kumi!" Damascène alisema. "Mwalimu, utakula hayo maneno na chumvi."

Wakaanza. Damascène alibeba mtungi begani, akapiga mluzi. Miti mitatu ya kwanza aliimaliza kwa mbio, na maji nusu yakamwagika kwenye shati lake. Nyiramahirwe mwenyewe akapiga kelele, "Rudia huo! Umeupa muti mate!" Kufikia mti wa tano, mluzi ulikuwa umekwisha. Kwenye wa saba alivua viatu. Kwenye wa nane alipishana na mkewe.

"Uko wa ngapi?" alimuuliza, akihema.

"Wa kumi na saba, bwana yangu. Bugali inakusalimia."

Mukashyaka alipomwaga mtungi wake wa ishirini, alipiga makofi, akatazama juu. Damascène alikuwa amekaa chini, mtungi kando yake, mguu mmoja mkononi. Nyuma yake miti tisa ilikuwa imelowa. Wa kumi ulikuwa mkavu.

Mukashyaka mwenyewe aliacha kucheka. "Mungu wangu," alisema. "Na mimi nilikuwa nikiimba, yeye akiwa bado njiani."

Muzee Hategekimana alimgeukia Annonciata. "Sasa tugawe namna gani? Mmoja achukue chini leo, mwingine kesho?"

"Hapana," Mukamugema alisema kabla mwalimu hajajibu. Usiku kucha alikuwa amefikiria zile jozi. "Tukunje mstari wote kama nguo. Muti wa kwanza uende pamoja na wa arobaini. Hatua kumi na hatua mia nne, mia nne na kumi. Wa pili pamoja na wa thelathini na tisa, mia nne na kumi tena. Kila jozi ni sawa. Ziko jozi ishirini. Kila mutu achukue kumi."

Annonciata alipiga hesabu kichwani, akatabasamu. "Kila mmoja atatembea hatua elfu nane na mia mbili. Hata hatua moja haizidi."

"Mimi nitapata nyingi kuliko zamani," Mukashyaka alisema. Kisha akamtazama mumewe aliyekuwa anachechemea kuja. "Ni sawa. Ni haki."

Nyiramahirwe alijifunga kitenge upya. "Basi yamekwisha. Tusahau."

"Hayajakwisha!" Mukamugema alisema. "Leo wamenicheka kanisani, Mama. Watu nisiowajua!"

"Mimi niliwaambia wanawake wawili tu. Jumatatu, pale sokoni. Wawili!"

Annonciata alitamani kunyamaza. Hakupenda kusema mbele ya wakubwa. Lakini alimwona Mukamugema amesimama peke yake, akajilazimisha.

"Mama, wawili ni wachache. Lakini tuseme kila mmoja aliwaambia wawili kesho yake. Jumanne wanne. Hao nao kila mmoja wawili, Jumatano wanane. Alhamisi kumi na sita. Ijumaa thelathini na wawili. Jumamosi sitini na wanne. Hapa haiongezeki kwa namba ileile kama miti. Inazidishwa kwa mbili kila siku. Na jumla yake ina njia fupi: tafuta siku inayofuata, mia moja ishirini na wanane, utoe wawili ulioanza nao. Watu mia moja ishirini na sita, katika siku sita."

"Mia moja ishirini na sita," Muzee alisema taratibu. "Mama Damascène, utawafikiaje wote hao?"

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Nyiramahirwe alisimama nje ya kanisa kabla wanawake hawajatawanyika. Aliongea kwa ukali, kana kwamba wao ndio waliokosa. "Mukamugema wangu si muvivu. Mimi nilihesabu vibaya. Na kila aliyepewa lile neno, awapelekee na hili wale aliowapa." Akaondoka bila kungoja jibu.

Kutoka siku ile hakuna mti uliokauka tena. Mukashyaka na Mukamugema walipishana njiani asubuhi, mmoja akipanda, mwingine akishuka, na walimaliza pamoja kabla ya jua kali. Mwezi wa tisa mvua ikarudi. Muzee akapanda miche mitatu mahali pa ile iliyokufa, na mstari ukatimia arobaini.

Lakini Mukamugema hakuwa ametulia. Alimpikia Viateur, alimfulia, alimjibu kwa neno moja moja. Asubuhi moja, mvua ikinyesha na hakuna aliyekwenda ziwani, Viateur aliweka msumeno chini.

"Mama Léopold, kuna nini tena? Mama alisema kanisani. Kazi imegawiwa vizuri. Hesabu imeonyesha kwamba wewe si muvivu. Mbona bado una hasira?"

Mukamugema alikuwa anachambua maharagwe. Aliweka ungo chini. Lile neno lililokwama kooni tangu Jumamosi ile likatoka lote.

"Hesabu haikunioa, Viateur. Wewe ndiye ulinioa. Siku ile Mama alisema atanifukuza na kuchukua mutoto wangu, wewe ukanoa msumeno. Sikutaka mchanga unitetee. Sikutaka namba. Nilitaka wewe usimame na useme: 'Mke wangu si muvivu.' Kabla ya hesabu yoyote. Nilitaka uniamini."