Kadi Aliyoisifu Ilpo na Kadi Iliyokuwa Ndani ya Kasha Lake

Ilpo aling'oa waya wangu wa umeme mbele ya ukumbi mzima...

Skrini ikawa nyeusi. Watu waliozunguka meza yangu wakabaki na soseji mkononi.

Wewe ambaye hujawahi kukaa kwenye mikusanyiko ya watu wa kompyuta huku Finland, nikwambie kitu. Unaweza kumchukulia mtu mke, mkaja kusameheana ndani ya sauna, bafu letu la mvuke. Lakini waya wake wa umeme huugusi.

"Umechomoa waya wangu, Ilpo."

"Nimechomoa kelele," akasema. "Waya umefuata tu."

Watu wakacheka. Kidogo. Ni Wafini.

Huyo Ilpo ni mshikaji wangu tangu shule. Leo ana chaneli ya video. Akisema nunueni, vijana nusu ya nchi wananunua. Na ndiye anayeandaa mashindano yetu ya sanaa ya kompyuta kila kiangazi, ndani ya ukumbi wa hoki ya barafuni, barafu ikiwa imeyeyushwa.

Mimi ni Urho. Chuo sikukanyaga. Kompyuta nimezijua kwa kuzifungua na kuziharibu. Na huwa sisahau. Nakumbuka kila kadi ya grafiki, kile kifaa kinachoichorea kompyuta picha zake, waliyotuuzia kwa mbwembwe, ikiwemo ile ya feni tatu na akili ya feni moja.

Sasa sikilizeni kilichoniwasha.

Kwetu kazi ya mashindano, yaani picha zinazotembea ambazo kadi inazichora papo hapo, haionyeshwi kwenye kompyuta yako. Inaonyeshwa kwenye mashine moja ya ukumbi, hiyo hiyo kwa wote, kasha limefungwa utepe mwekundu asilichokonoe mtu. Mwandaaji anatangaza mapema ndani mna kadi gani, nawe unaipima kazi yako kwa kadi hiyo. Ni neno lake tu. Hakuna aliyewahi kulitilia shaka.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Ilpo akatangaza: mashine itakuwa na Halla, kadi mpya ya daraja la kati. Siku hiyo hiyo akarusha video ya kuisifu. Eti kwa bei hii hakuna kama hii...

Mdogo wangu Saila anapanga bidhaa supamaketi, akirudi nyumbani anachora. Kuna studio ya gemu ya Helsinki ambayo kila mwaka humpa kazi mshindi wetu. Saila alikuwa anaitaka kazi hiyo kuliko chakula. Alikuwa ametengeneza mto wetu siku barafu inapovunjika. Vipande vingi mno, kila kimoja kinageuka na kugongana na mwenzake kwa namna yake.

Kwenye kadi yetu ya zamani ilienda bila shida.

"Kaka, lazima niipime kwenye Halla."

"Nani kasema?"

"Ilpo."

"Ilpo anasemea tumbo lake."

"Mashine ya ukumbi ndiyo hiyo. Ulitaka nipime kwenye jokofu?"

Akauza gitaa lake la besi, akanunua Halla.

Akafungua kazi yake... Barafu ikaanza kukwama, inaruka, inasimama, kama mtu mwenye kigugumizi anayeapa mahakamani.

Nikasoma boksi. Halla ina memori ndogo kuliko kadi yetu ya zamani. Mpya, ghali zaidi, memori ndogo. Memori ya kadi ni meza ya fundi cherehani. Mkono uwe mwepesi namna gani, kitambaa kikizidi meza kinaanguka chini, na fundi anasimamisha kazi kila saa kukiokota.

Nikaandika hivyo chini ya video ya Ilpo. Akafuta. Nikaandika tena. Akanifungia.

Saila akaikata kazi yake. Vipande vyote vile vikawa bamba moja linaelea peke yake, kama mlango uliotupwa mtoni. Aliikata bila kusema neno. Kwetu huko ndiko kulia.

Ndiyo maana siku ya mashindano nilipanga meza yangu karibu na mlango, kadi ya zamani ndani, kazi nzima ya Saila kwenye skrini. Nikabandika tangazo: YA ZAMANI INAIPIGA MPYA. NJOONI MUONE.

Wakaja. Wakaona. Nikapaza sauti:

"Sasa hii hii tuiweke kwenye mashine ya ukumbi, tuone Halla inavyokohoa."

Hapo ndipo Ilpo alipong'oa waya.

"Mrudishie waya wake."

Alikuwa Tuovi, mwamuzi wetu, mama wa makamo asiyepandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji.

"Anavuruga mashindano," Ilpo akasema.

"Mshiriki anaruhusiwa kuomba jaribio kabla muda wa kupokea kazi haujafungwa. Saila, unaomba?"

Saila akanitazama. "Naomba. Hiyo nzima."

Ilpo akapauka kama maziwa. Roho yangu ikaburudika. Nikajisemea, anaogopa Halla itaumbuka.

Jamani... nilikuwa nimeelewa kinyumenyume.

Tuovi akaiweka kazi kwenye mashine ya ukumbi. Barafu ikavunjika kwenye skrini kubwa, laini, kipande kwa kipande, mpaka mwisho. Haikukwama hata mara moja.

Ukumbi ukanigeukia.

"Urho, mbona haikohoi?"

"Labda imekunywa dawa," akadakia mwingine.

Rangi ikamrudia Ilpo. "Mnaona? Kadi ni nzima. Mgonjwa ni huyu."

Nikanywea. Mimi na mdomo wote huu. Nikaanza kubandua tangazo langu.

Saila ndiye aliyesogea mbele.

"Tuovi, kadi hiyo ninayo nyumbani. Nimehangaika nayo tangu theluji inayeyuka. Haiwezi kufanya hivyo."

"Unasemaje?"

"Nasema fungua kasha."

"Utepe haukatwi," Ilpo akasema haraka. "Haijawahi kutokea tangu tuanze."

"Waya wa mtu nao haujawahi kung'olewa," Tuovi akajibu, akaomba mkasi.

Akakata.

Ndani mlikuwa na kadi ya zamani. Pacha wa ile yangu. Hata vumbi lake halikufutwa.

"Ilpo, Halla iko wapi?"

Ilpo akarudi nyuma hatua moja.

"Ilpo."

"Ipo kwenye boksi." Alikuwa anaongea na viatu vyake. "Kazi ya kundi langu haikwenda kwenye Halla. Tulijaribu. Lakini nilishawaahidi watengenezaji wa kadi kwamba jina lao litatajwa..."

Mmeelewa? Yeye na kundi lake ni washiriki kama sisi. Walijua ndani mna nini, wakaacha kazi yao nzima. Sisi wengine tukajikata wenyewe kwa ajili ya kadi ambayo haikuwepo. Hakuwa anaogopa kazi ya Saila ikwame. Alikuwa anaogopa isikwame.

Mtu mmoja mwenye ndevu akasimama nyuma kabisa.

"Mimi nilikata msitu."

Binti wa safu ya kati akasimama. "Mimi nilikata mvua."

"Mimi nilikata nyuso," akasema mwingine. "Watu wangu wote nikawavalisha kofia. Mnajua ni aibu kiasi gani?"

Wakaendelea kusimama. Nimepiga kelele miaka yote kwenye mitandao, sijawahi kuona watu wengi hivyo wakisimama. Na hawakusimama kwa sababu yangu.

Tuovi akakunja utepe mwekundu, akautia mfukoni.

"Kundi la Ilpo nje. Kila aliyekata kitu, akirudishe. Tutasubiri, kahawa ipo."

Baadaye barafu ya mto wetu ilivunjika ndani ya ukumbi wa barafu usio na barafu. Wafini hawapigi makofi ovyo, lakini walipiga miguu sakafuni mpaka vikombe vikatembea mezani.

Saila akawa wa pili.

Wa kwanza alikuwa yule binti wa mvua. Kazi ya Helsinki akaichukua yeye.

Nikasimama, nimeshavuta pumzi ya kuwasha moto. Saila akanishika shati.

"Kaa chini, kaka. Kanishinda nikiwa mzima."

Nikakaa.

Gitaa lake halijarudi. Ilpo bado ana chaneli, bado ana wafuasi, wiki iliyopita alikuwa anasifu kadi nyingine kwa tabasamu lile lile. Nimeiweka akilini.

Na nyie mnaoniuliza kama Halla inafaa, jibu langu hili. Kama huna kadi kabisa na gemu zako ni nyepesi, itakusukuma. Kama unayo ile ya zamani, mpanguse vumbi huyo mzee, muendelee na maisha.

Ila anayekusifia kitu usimuulize kina kasi gani. Mpe mkasi, mwambie akate utepe wa kasha lake mwenyewe.