Mto wa Zambarau Juu ya Shule

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ndivyo watu wasemavyo. Darasani kwetu, majira yale ya baridi, lisilosemwa ndilo lililokuwepo, na lilimkaa Noella Bellerose kooni kama mwiba wa samaki.

Kila alasiri, kabla ya kengele ya mwisho, mmoja wetu alipanda ngazi hadi paani na ufagio mdogo. Huko palikuwa na kamera ya kupiga picha za anga, imefunikwa kwa bakuli angavu la plastiki. Barafu ililiganda bakuli hilo bila huruma. Ilipofika Machi tulikuwa tumechoka wote, na Noella alituzidi. Mama yake alikesha kazini akihudumia wazee, hivyo yeye ndiye aliyewavisha wadogo zake, akawalisha, akawafikisha shule kwenye upepo ule wa kukata masikio.

Asubuhi moja Mwalimu Cardinal alituonyesha ukutani picha iliyopigwa usiku uliopita. Upande wa kaskazini taa za kijani, ile mianga ya usiku ya anga la kwetu, zilikuwa zinacheza, kama kawaida yake. Kusini mwa taa hizo ulikuwepo mstari mmoja mwembamba wa zambarau, toka mashariki hadi magharibi.

"Tumeusubiri huu tangu Septemba," alisema. "Si taa za kawaida. Ni mto wa hewa ya moto yenye umeme, juu kabisa, unakimbia kilomita kadhaa kwa sekunde moja tu. Chuo kikuu tunachowatumia picha wakiukubali, darasa zima linaalikwa mjini Edmonton kuona maabara yao."

Tulipiga meza kwa furaha. Noella hakupiga.

"Dorian," alimnong'oneza jirani yake, "jana barafu iligoma kutoka. Niliimwagia yale maji ya buluu ya kioo cha gari."

Kijijini kwetu hakuna pikapu isiyobeba dumu la maji hayo. Huyeyusha barafu upesi, lakini yakikauka huacha michirizi, na mstari ule ungeweza kuwa mmoja wao.

"Nyamaza wewe!" Dorian alimkata. "Nani atajua? Unataka tukose safari?"

Noella alitazama vidole vyake vilivyopasuka kwa baridi. Kisha akasimama, akasema yote.

Darasa lililipuka.

"Kisirani!"

"Huyu lazima alizipigia taa mluzi!" Wazee wetu husema kuzipigia mluzi taa za angani huleta balaa.

"Si ungenyamaza tu?"

Mwalimu Cardinal aliketi juu ya meza, naye akionekana amechoka ghafla. "Uliyamwaga upande gani?"

"Upande wa ngazi, Mwalimu."

"Haya. Tuangalie picha zote, moja baada ya nyingine."

Tuliangalia hadi macho yakauma. Upande wa ngazi kulikuwa na doa kweli, la kijivu, limekaa palepale katika kila picha, hata zile za alfajiri. Mstari wa zambarau ulikuwa mbali nalo. Picha baada ya picha ulisogea kusini kidogo kidogo, ukafifia, ukatoweka.

"Doa halitembei," alisema Mwalimu. "Mto umetembea."

"Kwa hiyo tunao?" Dorian aliuliza.

"Tunao. Na tutawaambia habari za doa pia. Wakiligundua wenyewe, hawataamini hata picha yetu moja." Alituzungushia macho. "Ukweli ni kama ule ufagio wa paani. Unachosha mkono, lakini usipoushika huioni mbingu. Nawe Noella, siku mkono ukikushinda, sema. Wenzako wapo hapa, na mikono wanayo."

Chuo kikuu waliijibu barua yetu kabla wiki haijaisha: picha wameikubali, na tunakaribishwa.

Siku ya jibu lile, Noella alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa shule akimfunga mdogo wake viatu vya theluji. Dorian alisimama karibu naye, ufagio mkononi. Alikuwa amejitolea kushika zamu ya Noella.

"Lakini ulituweka roho juu, dada. Siku ile hata chakula hakikupita. Utuombe radhi basi, yaishe."

Noella alikaza kamba, akainuka taratibu kama bibi kizee.

"Siombi."

"Hata kidogo?"

"Asante kwa ufagio," alisema, akamshika mdogo wake mkono. "Radhi siombi."