Kitenge Miguuni, Pemba Mdomoni

Kila jioni, jua likishazama nyuma ya bomba la moshi la kiwanda, nilianza kuogopa kitanda. Mchana nilikuwa mzima kabisa. Nilichota maji, nilikwenda shule, nilimsaidia mama kuuza pemba sokoni, ule udongo mweupe ambao wanawake wetu wa Likasi hupenda kuutafuna. Lakini nikitulia tu, miguu ilianza. Ilikuwa kama sisimizi wanatembea ndani ya mifupa. Nikiitikisa, wanaacha, nikiacha, wanarudi. Jamani, nani angelala hivyo?

Mdogo wangu Jessy, wa miaka sita, alilala nami kwenye godoro moja, na mateke yangu yalimwamsha kila usiku. Mama Philomène, mama yetu, akachoka. Mwaka ule kiwanda kilikuwa kimeacha kumlipa baba mshahara, naye alikuwa Kapolowe akilima shamba la kuazima. Wenzake wa kikundi cha maombi wakamwambia kwamba mimi, Fidélie, nina pepo wa kukimbia. Basi mama akachukua kitenge chake cha zamani akawa ananifunga miguu kila usiku, fundo juu ya fundo.

"Mama, minye siko na pepo," nilimwambia. Akakaza fundo jingine. Nililia hadi sauti ikakauka.

Tena kikundi kikaamua kwamba Jumamosi nifungiwe katika chumba cha maombi, siku saba bila chakula. Jumatatu yake ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho wa darasa la sita, na baba alikwisha kusema kwamba hakuna kurudia darasa. Mtihani ungenipita nikiwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Nami nilikuwa na siri yangu. Tangu tulipoanza kula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, nilikuwa nikimega pemba ya mama ili njaa inyamaze. Mwanzoni kipande kimoja, baadaye vitano, sita. Mama alipoona mzigo unapungua alimchapa Jessy, nami nikanyamaza. Mpaka leo naona haya.

Ijumaa jioni nilikuwa nikizunguka uani kabla ya kufungwa, wakati jirani yetu Constantin, muuguzi wa zahanati, alipokuja kuomba ndoo. Alinitazama kwa muda, kisha akaomba ruhusa ya mama aniangalie. Alinivuta kope ya chini, akaona weupe pale palipotakiwa kuwa pekundu. Akauliza kama miguu inanisumbua nikipumzika, kama inatulia nikitembea, kama jioni inazidi. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilitamani kumkumbatia.

"Na unakula nini, mtoto wangu? Usinifiche."

Nikamtazama Jessy. Nikisema, fimbo, nikinyamaza, kile chumba.

"Ninakula pemba," nikasema. "Kila siku. Haikuwa Jessy, mama. Ni minye."

Constantin alimweleza mama kwamba huyo si pepo, ni ugonjwa unaojulikana, wa miguu isiyotulia. Aliona kwamba damu yangu imepungukiwa madini ya chuma, na pemba huzuia hata yale machache yaliyomo katika chakula yasiingie mwilini. Kufunga kula kungenizidishia. Akaagiza nipimwe damu, nipewe vidonge, niache pemba, nile maharage, sombe ya majani ya muhogo na vinkubala, wale viwavi waliokaushwa, na nisinywe chai pamoja na chakula. Kabla ya kulala nitembee kidogo na kukandwa miguu. Alituonya kwamba nafuu itachukua miezi.

 Mama akakunja kitenge, akakiweka sandukuni, na Jumamosi hakunipeleka kwenye chumba cha maombi.

Jumatatu nilifanya mtihani. Mwalimu Barthélemy alinikalisha nyuma, nikawa nasimama miguu inaponilazimisha, na nilifaulu. Kufikia mvua za kwanza, Jessy alikuwa akilala hadi asubuhi. Nilikuwa nimemwomba radhi, na kila tulipopata vinkubala nilimpa vikubwa.

Jioni moja mama alinikanda miguu kwa mafuta ya mawese, macho yake yakiwa chini.

"Minye nilikufunga miguu," akasema, "na weye ukajifunga mdomo. Wote wawili tulikosea. Mwili ukikusumbua, sema. Ukifanya kosa, sema pia, kabla mwingine hajachapwa kwa ajili yako. Na minye nitauliza wanaojua kabla ya kufunga mtu."

Kisha akamwita Jessy, akamkanda na yeye.