Mpimaji Aliyesema Bado

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Eldoret hujaa watu pomoni. Mbele ya kibanda kimoja cha vyombo vya jikoni, dada mmoja wa sweta la manjano na raba nyeupe alikuwa amesimama akitazama kimashine cha betri cha kupiga povu, muuzaji akimwonyesha kinavyozunguka ndani ya glasi ya maji. Murunga alikuwa anapita tu. Lakini mtu wa maziwa ni wa maziwa, akashindwa kunyamaza.

"Maji hayatakuonyesha kitu, dada. Mwambie alete maziwa."

"Na wewe ni nani wa kunifunza kununua?"

Akamwambia yeye ndiye mpimaji wa maziwa kule Cheptiret, anayeamua yapi yapokelewe na yapi yarudi nyumbani, na kwamba hata wakulima wa rika la babake hawabishani naye. Dada akacheka. Jina lake Jepchirchir. Alinunua kimashine, na kabla hawajaagana Murunga alikuwa na namba yake ya simu. Mapenzi yana haraka zake.

Jepchirchir alikuwa anasomea kazi ya barista, mtengenezaji kahawa wa mikahawani. Hoteli moja ya Doha ilitafuta wafanyakazi, mkataba wa miaka miwili, na ejenti alitaka video akipiga povu na kuchora jani juu ya kahawa. Chuoni mashine ilikuwa moja, wanafunzi ishirini. Basi kila jioni chumbani kwake Langas alipasha maziwa, akainamisha kikombe, akazamisha kimashine kidogo tu, kikanguruma, kisha akampa Murunga aonje. Wiki za kwanza lilikuwa povu la sabuni ya kufulia. Murunga alisema bado, na alikuwa mkweli.

"Usiyachemshe, mpenzi. Yakichemka, povu halikai."

Halafu jioni moja ya Aprili likatoka laini, zito, linang'aa, bila kiputo kikubwa hata kimoja. Murunga akalionja. Akaona ndege ya kwenda Doha. Akaona miaka miwili ya kupigiana simu, na mwanamume mwingine huko huko akimpokea begi.

"Bado," akasema.

Mtu ambaye hajawahi kudanganya juu ya maziwa, aliyewahi kuyakataa hata ya shemeji yake! Kesho yake akarudia, na kesho kutwa, wiki tatu nzima. Jepchirchir alimwamini, maana angemwamini nani mwingine? Alimpigia mchana kumuuliza anakosea wapi. Murunga alimjibu kwa upole kwamba atapata tu. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa anaficha woga wake kama ugonjwa wa aibu.

Siku mbili kabla ya muda wa kutuma video kuisha, alimkuta Jepchirchir ameketi kitandani, leso mabegani, jiko halijawashwa. Alisema amechoka. Atamwandikia ejenti kwamba mikono yake haiwezi, ampe mwingine ile nafasi.

Haya, si ndicho alichokitaka? Angefurahi basi. Lakini Jepchirchir alikuwa anaitazama mikono yake kwa aibu, mikono isiyo na kosa lolote, na Murunga akahisi amemwibia.

"Lilikuwa tayari tangu Aprili," akasema. "Nimekudanganya wiki tatu. Povu lako linashinda la mikahawa yote hapa mjini. Ninakupenda, Jepchirchir, na sitaki uende."

Jepchirchir hakupiga kelele.

"Hilo la mwisho ungeniambia kwanza, ningekaa," akasema. "Mungu anajua ningekaa. Nilikuwa nangoja tu uniambie."

Murunga akamwomba msamaha. Akajibiwa kwamba amesamehewa, lakini mtu akishapimiwa uongo wiki tatu hawezi kumpa huyo mpimaji maisha yake yote. Kisha Jepchirchir akainuka, akawasha jiko, akapasha maziwa, akamkabidhi simu amrekodi. Murunga akarekodi. Jani likatoka mara ya kwanza, zuri kabisa.

"Liko sawa?" akauliza.

"Liko sawa."

"Basi tuma wewe."

Murunga akafuta macho, akabonyeza, video ikaenda.