Kilomita ya Saba

"Umeme!" alibweka Mkurugenzi Frank.

"Maisha!" waliitikia wauzaji tisa.

"Sijasikia! Umeme!"

"Maisha!"

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Kihonda, mjini Morogoro, ndani ya duka la vioo la kampuni ya magari ya umeme iliyojiita Radi Motazi. Watu wazima tisa walipiga makofi kama watoto wa chekechea. Drashti, mmoja wa hao tisa, alipiga pia. Chini ya nywele, ndani ya sikio lake la kushoto, kifaa kidogo kama punje ya dengu kilikwaruza.

"Kabichi zinashuka leo," ilisema sauti ya mwanamke. "Saa sita kamili."

Drashti alikohoa mara mbili kuonyesha kwamba amesikia.

Kabichi zilikuwa kilo nne za rubi, mawe mekundu yaliyotoroshwa kutoka machimbo ya Uluguru. Mtoroshaji alikuwa amesimama mbele yake akihutubia kuhusu mafanikio.

"Drashti!" Frank aligonga ubao wa mauzo. "Miezi sita, sifuri! Baba yako Vinubhai anauza vitambaa mjini miaka arobaini, wewe gari moja linakushinda?"

Wenzake walicheka, kwa sababu kutocheka kulikuwa kosa. Frank mwenyewe hakuwahi kuuza hata tairi, wala hakuwahi kuendesha gari la umeme. Alitembelea Land Cruiser V8 ya dizeli na kuiegesha nyuma ya duka, wateja wasiione.

Kisha kikapu kikapita. Hiyo ilikuwa sheria yake nyingine: muuzaji akiwa kazini, simu yake inazimwa sauti na kuwekwa kikapuni. Drashti aliweka Nokia ya tochi. Samsung yake, ile ya Idara ya upelelezi iliyompachika pale dukani, ilibaki kiunoni.

"Magreth, njoo usaini," Frank aliita. "Mteja wa saa sita ana haraka."

Magreth alikuwa mtoto wa wakulima wa mboga wa Mgeta, rozari shingoni, muuzaji bora miaka miwili mfululizo. Alitaka kusoma karatasi.

"Unasoma nini? Mimi ni tapeli?"

Akasaini.

Drashti aliingia chooni, akafungua bomba la maji.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sema." Mwanaasha, mkuu wake, hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mzigo uko chini ya kiti cha nyuma. Gari jeupe, lenye utepe mwekundu; mteja wa saa sita atalipeleka kwa mnunuzi wa rubi, Ngerengere. Muuzaji kwenye karatasi ni Magreth. Jina la Frank halipo popote."

"Kwa hiyo tukilikamata gari, anafungwa Magreth."

"Na hajui hata rubi ina rangi gani. Nataka Frank aushike mzigo kwa mikono yake, autoe dukani mwenyewe."

"Una mpaka saa sita. Baada ya hapo nalikamata gari, yeyote atakayefungwa afungwe."

Simu ikakatika.

Drashti alijitazama kwenye kioo. Miezi sita alikuwa amevumilia makofi yale, amevumilia kumwona Frank akiwafukuza wakulima mlangoni kwa sababu ya matope ya viatu vyao. Lakini kumtoa kafara Magreth, binti aliyemnunulia uji kila asubuhi, hilo lilimchefua kabisa.

Saa tano na robo alimpelekea Frank chai ya maziwa ofisini. Frank hakuinua macho. Wauzaji kwake walikuwa fanicha. Drashti alipoondoka na sinia tupu, funguo za V8 zilikuwa chini ya kitambaa.

Alisimama nyuma ya nguzo, akaitoa Samsung. Programu ya Idara iliweza kutuma ujumbe ukaonekana umetoka kwenye namba ya mtu mwingine. Alichagua namba ya mnunuzi aliyekuwa akisubiri Ngerengere, akamwandikia Frank.

*Gari jeupe limejulikana. Toa mzigo, ulete mwenyewe. Sasa hivi.*

Akabonyeza.

Frank alitoka ofisini rangi imemtoka. Alilifungua gari jeupe, akainama, akaibuka na mkoba mweusi.

"Funguo zangu! Nani kaona funguo zangu?"

Alipapasa mifuko yake mara mbili.

Alirukia gari la kwanza. Halina chaji. La pili, halina chaji. Yeye ndiye aliyepiga marufuku kuyachaji, eti yanamaliza luku. Ukiacha lile jeupe lililokwisha kujulikana, lililokuwa na chaji ni moja tu: lile dogo la bluu, gari la kujaribia wateja.

Magreth alimkimbilia na fomu. "Mkurugenzi, leseni! Anayejaribu gari anaacha leseni kaunta!"

"Nipishe!"

Gari la bluu lilichomoka bila sauti.

Drashti alitoka mlango wa nyuma, akapanda V8, akafunga mkanda, akarekebisha kiti.

"Ametoka," alisema. "Gari la bluu. Anaelekea barabara ya Dar. Mkoba anao."

"Nimzuie Msamvu?"

"Hapana, kuna watu wengi na ana bastola. Mwache afike kilomita ya saba."

"Kuna nini kilomita ya saba?"

"Kuna Frank mwenyewe."

Mwaka uliopita mteja mmoja aliomba kulijaribu gari, akaenda nalo hadi Turiani kuwasalimia shemeji zake. Frank alipiga kelele kwenye simu kwamba fundi atafute dawa. Fundi akaitafuta. Tangu hapo gari la bluu lilikuwa likienda kilomita saba tu, kisha linadai namba nne za siri. Wauzaji walizijua, kwa sababu walipanda na wateja kutwa nzima. Frank hakuwahi kuziuliza. Sheria zile alizitunga kwa ajili ya watu wengine.

Walipita Msamvu. Upande wa kulia milima ilikuwa imevaa mawingu. Drashti hakukimbiza. Alifungua dirisha, akamega kashata.

Kabla ya viwanja vya Nanenane, taa zote za gari la bluu zilianza kuwakawaka. Mwendo ukashuka hadi sitini, kisha thelathini, kisha nane.

"Ndugu mteja," ilisema spika ya nje, kwa sauti ya Magreth iliyorekodiwa, tamu na ya adabu. "Asante kwa kulijaribu gari letu. Safari yako imeisha. Tafadhali turudi dukani."

Frank alikanyaga mafuta, kwa mazoea ya V8. Gari la umeme halikujali. Alipiga simu dukani, akampigia muuzaji wa kwanza, wa pili, wa tano. Simu tisa ziliwaka ndani ya kikapu Kihonda, sauti zimezimwa, kama alivyoagiza. Mtu wa mkokoteni wa ndizi akampita.

Na bado hakushuka. Aliendelea kushika usukani kwa mikono miwili, akielekea Ngerengere kwa mwendo wa kobe.

Drashti aliegesha V8, akatembea. Hakuhitaji hata kuharakisha. Alifika ubavuni mwa gari, akagonga kioo.

"Umelionaje gari, mteja?"

Frank aligeuka na Glock mkononi. Lakini lilikuwepo jingine asilolijua: kilomita ya saba ikifika, milango hujifungua kufuli, ili muuzaji ashike usukani. Drashti aliuvuta mlango na kuudaka mkono wenye bastola. Akaupinda. Glock ilianguka kwenye lami. Frank akafuata, mkanda wa mkoba umemzunguka mkono mwingine.

Pikipiki mbili za Idara zilisimama. Pingu zikalia.

"Si mimi!" Frank alipayuka. "Magreth! Magreth ndiye aliyesaini!"

"Tafadhali turudi dukani," ilisema sauti ya Magreth.

"Umemsikia?" Drashti alisema. "Tena amekuomba kwa adabu."

Sikioni Mwanaasha aliuliza, "Mzigo?"

"Mkononi mwake. Bastola pia."

"Na yule binti?"

"Shahidi."

"Sawa. Kazi nzuri."

Saa sita kasoro dakika tano Drashti aliingia dukani. Wauzaji wanane walikuwa wamesimama palepale, hakuna aliyethubutu kugusa kikapu. Alikishusha, akachukua Nokia yake, akawaachia wengine zao.

"Watu wanakuja kuchukua ile karatasi uliyosaini," alimwambia Magreth. "Usiiguse. Watakuuliza, waambie ukweli wote. Na siku nyingine ukitaka kusoma, soma."

Magreth alishika rozari yake. "Dada Drashti, Mkurugenzi yuko wapi? Ameondoka na gari bila kuacha leseni."

"Hataihitaji."

Alikwenda ubaoni, akafuta sifuri yake kwa kiganja, akaandika moja. Halafu akatoka nje kutafuta bodaboda.