Diski Isiyo na Herufi

Picha zote za Mweso ziliibwa kabla ya saa mbili asubuhi. Ndivyo Floribert, mwenye studio ya picha karibu na soko, alivyomweleza Inspekta Kanyamibwa, na alikuwa akilia machozi ya kweli.

"Diski nzima, Shefu! Miaka sita! Ndoa, ubatizo, batoto, yote imeenda!"

Ulikuwa mwaka wa 2013. Nyumba nyingi za milimani zilikuwa zimechomwa pamoja na picha za ukutani. Kwa wengi waliokimbilia Mweso, diski ile ndiyo pekee iliyobaki na sura za watu wao. Ndiyo maana Kanyamibwa, asiyekuwa mtu wa kukimbilia kompyuta ya mtu, alikuja mbio bila kunywa chai.

Mlangoni alimkuta mama mmoja ameketi chini, viatu mkononi. Aliitwa Thacienne. Alikuwa amekimbia vita huko Kibabi, na bintiye Umurerwa, wa miaka minne, akampotea njiani.

"Batu ba kutafuta batoto banarudia Goma leo saa sita," alisema. "Banaomba foto. Foto yake iko humu ndani tu, fasi ingine hakuna."

"Saa sita," Kanyamibwa alirudia, akaingia.

Alikagua kufuli. Zima. Nondo za dirisha, zote mahali pake. Akaomba bisibisi, akafungua kompyuta mwenyewe huku jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba. Skrubu zilikuwa na kutu na vumbi la siku nyingi. Ndani mlikuwa na diski mbili, moja ya kompyuta yenyewe, moja ya picha.

"Papa Floribert, uliniambia imeibwa. Hii ni nini?"

"Basi imekufa, Shefu. Ordinateri haiioni tena."

Inspekta aliweka kiganja juu ya diski. Ilikuwa na joto, inatetemeka.

"Haikufa. Kuna mutu ameificha. Nani alipanga hii mashini?"

"Lévi, mutoto wa Mama Kanyere. Mimi najua foto tu. Yeye njo alipatia kila diski herufi yake, juu ordinateri inaita diski kwa herufi. Hii ilikuwa K."

"Na Lévi, hajafika bado?"

Floribert alimtupia jicho mwanamke aliyekuwa akifagia pembeni, akashusha sauti. "Alienda Walikale na mizigo. Miaka mbili sasa. Hakurudia."

Mama Kanyere, mzaliwa wa Butembo, alikuwa mfanyakazi pekee wa studio. Tangu polisi aingie alikuwa amefagia sehemu ileile mara tatu, nayo ilikuwa safi tangu mwanzo. Kanyamibwa aliliona hilo.

Alifungua daftari la maagizo. Jana yake yalikuwa yameingia mawili tu. La kwanza: Umurerwa, picha ndogo. La pili: Lévi, picha kubwa ya kubandika msalabani, na tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa. Mwagizaji: Muhindo, babake. Kilio cha matanga kingekuwa Jumamosi, siku ambayo watu wa Mweso huiita posho.

"Mama Kanyere, nani alifunga studio jana?"

"Ni mimi."

"Uligusa ordinateri?"

"Nilipanguza vumbi."

"Vumbi ya inje, ao ya ndani?"

Alirudi kufagia. Kanyamibwa angeweza kumtisha kwa pingu. Kazi hiyo aliijua vizuri. Badala yake akamwita Thacienne.

"Mama, elezea huyu mama mutoto wako anafanana je."

"Alivaa karobe ka manjano," Thacienne alianza. "Jino moja ya mbele ilitoka. Pua yake..." Alikwama. "Mama, pua yake naisahau. Nikifunga macho sasa, naisahau."

Ufagio ulianguka.

"Mungu wangu," Kanyere alisema. "Sikufikiri juu ya bengine. Ni mimi, Shefu. Nilitoa ile herufi."

"Nani alikufundisha?"

"Lévi. Benye bunduki balikuwa banaingia humu, banatafuta sura za batu mu foto. Akaniambia: mama, ukisikia bamefika, toa herufi. Diski itabakia hapo lakini hakuna mutu ataiona. Bakienda, rudisha ileile. Na Papa Floribert asijue, juu bakimupiga atasema."

Floribert alikubali kwa kichwa. Ilikuwa kweli.

"Jana hakukuwa benye bunduki, Mama."

"Kulikuwa ile commande ya Muhindo. Musalaba na tarehe mbili."

"Si ungefuta foto moja tu?"

"Nimufute Lévi? Nyumba yetu ilichomwa na foto zote. Sina ingine."

Inspekta aliketi. "Unafikiri Lévi iko muzima?"

"Hapana. Shofere mumoja alituletea shati yake. Vifungo nilishona mimi. Ninajua, Shefu."

"Sasa juu ya nini uliificha?"

"Kila asubuhi batu banapita hapa mulangoni, bananiuliza: Mama Lévi, mutoto amefika? Ninajibu: bado. Kilio kikiisha, nani ataniuliza tena?"

Kalamu ya Kanyamibwa ilisimama. Yeye mwenyewe alikuwa amemuuliza vivyo hivyo Jumatatu, akipita tu, bila kusubiri jibu. Aliumia moyo, na hakuona haya kuumia. Akaandika neno moja, wizi, akalikata, akafunga daftari lake.

Kanyere aliketi mbele ya kompyuta, akafungua ukurasa ambao Floribert hakuwahi kuuona. Diski ilikuwepo, bila herufi. Kompyuta ikampa herufi za kuchagua. Akazipita zote mpaka K, maana kwa nyingine picha zisingepatikana.

Wa kwanza kutoka kwenye printa alikuwa Umurerwa, na gauni lake la njano. Thacienne aliigusa pua kwa kidole. Kisha akakimbia, viatu vikiwa bado mkononi. Ilikuwa saa tano na nusu.

Halafu Lévi akatokea kwenye skrini, ameegemea pikipiki, anacheka. Floribert alisogea kuandika tarehe.

"Acha," Kanyere alisema. "Nitaandika miye."

Ya kuzaliwa aliiandika haraka. Ya pili aliiandika kwa kidole kimoja, tarakimu moja moja. Wanaume wawili walitazama chini.

Alipotoka na ile picha, mama mmoja alikuwa akipita na kikapu cha viazi kichwani.

"Mama Lévi! Mutoto amefika?"

Kanyere alishika mlango.

"Siku ya posho," alijibu, "mukuje ku kilio."

Yule mama akatua kikapu chake barabarani.